Mlamba Kuta na Nyumba ya Mama Mkwe

Mume wangu hulamba kuta. Nalisema hili mapema, tena kwa kinywa changu, kwa sababu mtaani kwetu kila mtu analijua na kila mtu hulisimulia vibaya. Wapo wanaosema ni wazimu. Wapo wanaosema ni masharti ya mganga. Jirani yetu mshona viatu, ambaye hajawahi kuliacha neno likalala, huwaambia wateja wake kwamba mimi simpikii mume. Ukweli ni mdogo kuliko hayo yote. Mume wangu ni fundi rangi, hasa rangi za nje ya nyumba, na ulimi ni kifaa chake cha kazi kama ilivyo ngazi au brashi. Ndiyo maana wanamwita Ulimi. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani atakutana na mtu msemaji, kumbe mume wangu akikupa maneno kumi kwa siku, ujue manane kati ya hayo ni "subiri".

Mara ya kwanza kumwona akilamba ukuta nilikuwa bado msichana, nauza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ilikuwa kukoroga makopo na kupokea hasira. Mteja wa rangi harudi dukani akiwa na furaha. Rangi ikikaa vizuri, anasahau hata alikoinunua. Ikibanduka, anakumbuka duka, anakumbuka siku, anakumbuka na nguo niliyokuwa nimevaa. Basi siku hiyo akaja mwalimu mmoja mstaafu na bahasha mkononi, akaifungua, akamwaga magamba ya rangi juu ya kaunta yangu.

"Rangi yenu hii," akasema. "Miezi minne tu."

Nyuma yake alikuwa amesimama kijana mrefu, mwembamba, mwenye chokaa kwenye nyusi, amekuja kununua msasa. Alichukua gamba moja, akaligeuza, akalitazama mgongoni.

"Mwalimu, hili limekuja na vumbi lake," akasema. "Uliosha ukuta kabla ya kupaka?"

"Ukuta unaoshwa? Ukuta ni sahani?"

Bosi wangu akanituma niwafuate mpaka nyumbani kwa mwalimu nikalitetee duka. Yule kijana akakwangua sehemu iliyobanduka mpaka plasta ikaonekana, na juu ya plasta palikuwa na unga mweupe. Akainama, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua maji. "Chumvi," akasema. "Tangi lako linavuja nyuma ya ukuta huu." Wakaenda kutazama, na kweli tangi lilikuwa linavuja. Nikajisemea moyoni, huyu atakayeolewa naye ana kazi. Mwaka uliofuata nikaolewa naye mimi.

Nimeshaelezwa jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuwaeleza hata nikiwa usingizini. Maji yakiingia ukutani hayakai yametulia, yanasafiri. Yakisafiri hubeba chumvi iliyomo kwenye saruji na mchanga, yakifika upande wa nje jua huyakausha, chumvi inabaki, na hiyo chumvi ndiyo inayoisukuma rangi kwa nyuma mpaka inaachia. Shida ni kwamba unga mweupe waweza kuwa chumvi, waweza kuwa chokaa, waweza kuwa rangi kuukuu iliyochoshwa na jua. Macho hayatofautishi, ulimi unatofautisha. Wala halambi rangi, na hapo nasisitiza, maana kuna watoto wa mtaa waliowahi kutaka kumwiga. Rangi ni sumu. Yeye hugusa plasta tupu, hutema, husukutua, na siku hiyo hanibusu mpaka nimkague.

Kingine anachojulikana nacho ni nailoni. Kabla ya kupaka ukuta wowote anaoushuku, hukata kipande cha nailoni nyepesi, akakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, akaenda zake. Siku ya pili au ya tatu anarudi kukitazama. Kikiwa na ukungu wa maji kwa ndani, anakunja ngazi yake. "Subiri," anamwambia mwenye nyumba. Wenye nyumba hawapendi neno hilo. Mtu amekwisha nunua makopo, amekwisha mtangazia jirani, halafu fundi anamwambia ukuta haujawa tayari, kana kwamba ukuta ni bibi harusi. Wengine humfukuza na kumwita fundi mwingine mwenye haraka. Baada ya msimu mmoja wa mvua hurudi kimyakimya, na mimi huwa nawahesabu wanavyopita dirishani.

Dada mmoja mwenye saluni alitaka ukuta wake wa upande wa jua upakwe rangi ya mafuta, nyeusi tititi, ing'ae, tena saa saba mchana kwa sababu jioni ana wateja. Mume wangu akakataa. Dada akampata fundi wa haraka, ukapakwa katika hilo jua la utosi. Ngozi ya juu ilikauka kabla ya tumbo, na kufikia Jumapili ukuta mzima ulikuwa umetoka malengelenge, unayabonyeza kwa kidole yanalia. Dada yule alipokuja nyumbani kwetu hakuomba radhi. Alisema tu, "Ulimi yupo?" Nikamwambia yupo, asubiri.

Na kabla sijaendelea, niwaombe jambo moja. Msinitajie ile methali ya ufa na ukuta. Kila mtu anayekutana na mke wa fundi rangi hudhani yeye ndiye wa kwanza kuikumbuka. Nimeisikia harusini kwangu mara sita.

Sasa basi. Katika miaka yake yote ya kazi, ukuta mmoja tu ndio uliomshinda mume wangu, na ukuta huo ulikuwa wa mama yangu.

Mama anaishi peke yake, mwendo wa robo saa kutoka kwetu, katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga yeye na marehemu baba kidogo kidogo kwa miaka tisa. Bafu liko nje, kule mwisho wa ua, na kulifikia unashuka ngazi tatu za mawe. Ukuta ninaousema ni ule wa nyuma, chini ya dirisha la chumba cha mama, kuanzia ardhini mpaka usawa wa goti. Rangi ya hapo ilianza kuachia miaka miwili na nusu iliyopita. Mume wangu akaja, akakwangua, akapiga msasa, akaosha, akapaka praima ya kutangulia rangi, akapaka rangi mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Ikabanduka. Akasema ni paa. Akapanda juu, akabadilisha mfereji wa bati uliokuwa na tundu. Akapaka. Ikabanduka. Akasema ni udongo, maana udongo wa nyuma ulikuwa umepanda ukazidi msingi. Akauchimba ukashuka, akahamisha maua ya mama yaliyoegemea ukuta, akamwaga kokoto ili mvua isirushe matope. Kila mara alibandika nailoni yake kwanza, akangoja mpaka ikatoka kavu. Akapaka mara ya tatu. Ikabanduka, tena safari hii kwa madaha, vipande vikubwa vikubwa.

Mnaweza kufikiri alivyokuwa. Mtu anayeheshimika mitaa minne, na ukuta wa mkwewe unamwaibisha. Mshona viatu akawa anauliza watu kama siku hizi Ulimi anachanganya rangi kwa mate. Mama naye hakusaidia. Kila tukienda kumsalimia, anamwekea mume wangu kiti kule nyuma, anakigeuza kielekee ule ukuta, kisha anamwambia, "Karibu, baba. Pumzika." Mume wangu anakaa na aibu yake, wanatazamana yeye na ukuta.

Nawasikia mnauliza: kwa nini hakuingia ndani akatazama upande wa pili? Kwa sababu upande wa pili ni chumba cha kulala cha mama mkwe wake. Mume wangu kalelewa na bibi yake, na kwa bibi yake mkwe mwanamume akishafika sebuleni amefika mwisho wa safari. Nyumba ile ameipaka nje yote, kaijua kuanzia msingi hadi kenchi za paa, lakini mlango wa chumba kile akiupita huinamisha macho. Mimi nilimwambia si kitu, mama ataelewa. Akanitazama kama niliyemshauri aibe. Badala yake akanituma mimi, na hapo ndipo kosa linapogeuka kuwa langu.

Niliingia. Nilikaa kitandani kwa mama, nikatazama huku na huku. Kabati la nguo lilikuwa limetoka mahali pake, limesogezwa kwenye kona ya ukuta ule ule.

"Mbona kabati limehamia huku?" nikamuuliza.

"Pale jua lilikuwa linanibabulia nguo."

"Na maji? Hakuna maji yanayoingia humu?"

"Maji gani, wewe mtoto? Mimi nafuga samaki?"

Nikacheka, nikatoka, nikamwambia mume wangu ndani ni pakavu. Mimi ninayejisifu kwamba mteja mwongo namtambua kabla hajafungua bahasha.

Mwezi ule kaka yangu naye akaingia katika habari hii. Kaka ni kifungua mimba wa mama, anaishi mji wa mbali na ni msimamizi wa ghala, na kazi ile imemwingia mwilini. Hukagua kila kitu, hata salamu. Ana roho nzuri, sitamsingizia, na kwa mama hasikii la mtu. Tangu ukuta uanze kubanduka amekuwa akisema mama ahamie kwake, kule kuna chumba, kuna bafu la ndani, kuna wajukuu. Mama amekuwa akimkwepa kama anavyokwepwa mdai. Sasa kaka akapiga simu akasema anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. "Nikiukuta ule ukuta bado unamenyeka," akaniambia, "nitajua nyumba imechoka na mama hawezi tena kuitunza peke yake. Nafunga mlango, naondoka naye. Usinibishie."

Nilipomfikishia mama habari hiyo alikifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Kisha akasema, "Kule kwa kaka yako nitakuwa mgeni. Mgeni siku ya kwanza, mgeni mpaka siku ya kuzikwa. Mwambie mumeo aje apake."

"Mama, atasema ukuta lazima ukauke kwanza."

"Nimesema aje apake."

Akaja. Lakini kwa sababu mama alikuwa na haraka, alimtaka aje asubuhi na mapema, na hilo lilikuwa jambo jipya. Siku zote mume wangu alikwenda kwa mama mchana, akishamaliza kazi za watu. Safari hii tulifika jua ndiyo kwanza linachomoza. Mama alitukaribisha ananukia vizuri, nguo safi, kichwa amekifunga, na akaenda jikoni kuchemsha chai. Mume wangu akazunguka nyuma na kikwangulio chake. Mimi nikabaki uani napepeta mchele wa mama.

Haikupita muda nikaona kimya kimezidi. Kikwangulio kimenyamaza. Nikazunguka nyuma, nikamkuta mume wangu amekaa juu ya kopo lililofunikwa, uso wake una rangi ambayo hata dukani hatukuwa nayo. Plasta mbele yake ilikuwa imefunguliwa mpaka kwenye tofali, na tofali lilikuwa limelowa, maji mabichi kabisa.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Umelowa sasa hivi," akasema kwa sauti ya chini. "Na si chumvi peke yake."

"Ni nini?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya waridi."

Nyumbani kwa mama ipo sabuni moja tu ya waridi, na haifuliwi nguo wala haioshewi vyombo. Nikamtazama mume wangu. Akanitazama. Kisha akasema kwa unyonge ambao sijawahi kuusikia kwake, "Mke wangu, nimelamba maji aliyoogea mama yako."

Naomba Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikaketi kwenye kokoto, machozi yakanitoka. Mtu huyu anayeinamisha macho akipita mlango wa chumba, leo ameonja ya bafuni. Yeye alikuwa anasukutua kopo zima la maji na kuniomba ninyamaze. "Nitamwangaliaje?" akawa anauliza. "Chai ameshaniwekea. Nitaipokeaje chai?" Nikazidi kucheka.

Halafu kicheko kikanikatikia katikati, maana akili ilikuwa imefika. Kwa nini maji ya kuogea ya mama yawe chumbani, wakati bafu lipo?

Nilikwenda ndani moja kwa moja. Mama alikuwa jikoni, nikampita, nikaingia chumbani kwake, nikalisukuma kabati. Nyuma yake palikuwa na beseni, kigoda, kopo la kujimwagia, na sabuni ya waridi kwenye kifuniko cha mtungi. Chini kabisa, palipokutana sakafu na ukuta, palikuwa na tundu dogo lililotobolewa kwa msumari au kitu kama hicho, la kutolea maji. Tundu lenyewe halikutokeza nje, tena lilikuwa limeziba zamani kwa sabuni na uchafu. Kila siku maji yalikuwa yanafika pale, hayaoni njia, yanaingia ukutani.

Mama alisimama mlangoni. Hakunigombeza. Hilo lilinitisha kuliko kugombezwa.

"Zile ngazi za bafuni zimenishinda," akasema. "Goti hili linaachia bila kuniaga. Nimeanguka mara mbili. Mara ya pili nilikaa pale chini mpaka jua likanifikia, ndipo nikaweza kusimama."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie umwambie kaka yako?" Akakaa kitandani, akalivuta goti lake kwa mikono miwili akalinyoosha. "Ukimwambia, umenizika mwanangu. Upakeni huo ukuta, kaka yako aje, aone, aondoke. Mengine tutajua baadaye."

Nilimhurumia mama, na nilimkasirikia pia, na zaidi nilijikasirikia mimi niliyekaa kwenye kitanda kile kile nikachekeshwa na samaki. Nikamwahidi sitasema. Kisha nikatoka kumwambia mume wangu apake.

Akakataa.

"Nikipaka leo, Jumamosi utang'aa," akasema. "Kaka ataondoka. Mama ataendelea kumwaga maji pale. Miezi mitatu tu rangi itakuwa chini, tofali limelainika, na yeye bado anasimama kwenye sakafu yenye sabuni na goti bovu." Hayo yalikuwa maneno yake ya wiki nzima, kayatoa kwa mkupuo mmoja. Kisha akaongeza, "Sipaki ukuta mbichi. Hata wa kwako nisingepaka."

Mama aliposikia hivyo akasema kwa sauti ya kutosha kuvuka dirisha, "Basi nitahamishwa na mkwe wangu mwenyewe. Nilimpa binti, sasa ananinyima brashi." Chai haikunyweka siku hiyo. Mume wangu alibandika nailoni yake kwenye ile plasta tupu, pande zote nne, akaondoka na ngazi yake begani. Nilitembea nyuma yake njia nzima bila kumsemesha. Nilikuwa na mengi ya kusema, ila yote yalikuwa matusi.

Jumamosi kaka akafika. Alisalimia, akatuuliza hali mmoja mmoja kwa mpangilio wa umri, kisha akaenda nyuma ya nyumba. Tukamfuata. Ukuta ulikuwa umekwanguliwa wote chini ya dirisha, uchi, na kipande cha nailoni kimejaa matone kwa ndani. Kaka alikigusa kwa kidole. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayekataa kupokea mzigo uliolowa.

"Niliwaambia," akasema. "Nyumba imechoka. Mama, panga vitu vyako."

Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti, kile kile alichozoea kumgeuzia mume wangu kielekee ukutani. Mikono yake ilikuwa juu ya goti.

Kaka akamgeukia mume wangu. "Shemeji, nakuheshimu, lakini niambie ukweli. Mara tatu umepaka hapa. Tatizo liko wapi? Nyumba ni mbovu, au?"

Nilifumba macho. Mume wangu hajui kusema uongo. Uongo unahitaji maneno, na yeye maneno hana. Nilijua sasa ataitaja sabuni, kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu jina lake lilikuwa linaning'inia pale mbele ya watu. Mshona viatu, aliyetufuata kutoka mtaani kwetu, alikuwa ameshasogeza kichwa juu ya ua, anajifanya anatafuta kuku.

"Nyumba ni nzima," mume wangu akasema. "Tatizo ni mimi. Nilipaka ukuta mbichi."

"Wewe?" Kaka alishangaa. "Wewe unayebandika manailoni kila mahali?"

"Nilikuwa na haraka. Mara zote tatu. Ni kosa langu."

Mshona viatu akasikia. Nilimwona akisikia, na nilijua kabla jua halijazama kila mwenye ukuta katika mitaa minne atakuwa ameambiwa. Miaka yote ya "subiri", wateja wote waliofukuza mafundi wa haraka wakamngoja yeye, mume wangu akaimwaga yote pale chini kama maji ya beseni. Hata hakumtazama mama. Alikuwa anatazama ile nailoni.

Kiti kikalia. Mama alikuwa anasimama. Ilimchukua muda, akashika mkono wa kiti, akashika ukuta, na kwa mara ya kwanza hakulificha goti.

"Acheni," akasema. "Mkwe wangu hajawahi kupaka ukuta mbichi maisha yake yote, na mimi sitakaa hapa nimsikilize akijitukana. Njooni ndani."

Tukaingia sebuleni. Mama akapita mpaka kwenye mlango wa chumba chake, akaufungua wote. Kaka akaingia, mimi nikaingia. Mume wangu akabaki pale pale palipo mwisho wa safari yake, macho chini, kofia mkononi.

"Nawe pia, baba," mama akamwambia. "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."

"Hapana mama, mimi hapa panatosha."

"Ukuta wangu umeulamba, sembuse chumba." Kumbe alishajua. Alitusikia siku ile dirishani, kicheko changu na yote. "Ingia. Utaona kinachokusumbua."

Mume wangu akavua viatu. Akaingia kwa nyayo za mtu anayevuka rangi mbichi, akasimama katikati ya chumba asijue aangalie wapi, mpaka mama mwenyewe akamwonyesha ile kona. Mama akamweleza kaka yote: ngazi, goti, siku ile aliyokaa chini mpaka jua likamfikia, na jinsi alivyojipangusa tu kwa kitambaa kila alipoona nailoni ukutani, asigundulike. Kaka alikaa kwenye kigoda cha kuogea bila kujua anakalia nini. Alipinga kidogo, kisha akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Msimamizi mzima wa ghala.

"Basi ndiyo sababu zaidi ya kuondoka," akasema mwishoni, lakini sauti haikuwa ile ya kule nje.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye kona, anapapasa sakafu. Alipofika penye maji akawa tena mtu mwingine, akasahau yuko chumba cha nani.

"Hapa panajengeka bafu," akasema. "Dogo. Sakafu iinamishwe upande huu, bomba litoke chini, lisiguse ukuta. Plasta iwe ya kuzuia maji mpaka kifuani. Chuma cha kushikia hapa, na kingine pale. Ukuta nao ukauke. Wiki sita." Akafikiri. "Saba."

"Na nikisema hapana?" kaka akauliza.

"Ukuta utakauka tu," mume wangu akasema. "Mama ndiye atakuwa hayupo kuuona."

Kaka alimtazama mama. Mama hakumbembeleza. Alikuwa ameshasema lake, sasa alikuwa anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. Mwisho kaka akasema atarudi baada ya wiki saba, atakagua mwenyewe, na ukuta ukiwa na tone moja chini ya nailoni, hataki maneno. Tulikubali. Kabla ya kuondoka alikaa siku mbili, akambebea mume wangu mchanga na saruji kwa toroli. Alihesabu kila ndoo, hakuweza kujizuia.

Zile wiki saba zilikuwa ndefu. Mshona viatu alizitumia vizuri, na wateja wawili walimkimbia mume wangu kwa habari ya ukuta mbichi. Sikuwafuata. Niliwahesabu tu, maana najua njia ya dirishani kwangu wanaijua. Mama alianza kuogea kwenye bafu lake jipya, akishika vyuma viwili, na alituambia kwa fahari maji yanaondoka kabla hajayaaga. Mume wangu alibandika nailoni, akaibandua, akabandika nyingine. Tatu zilikuwa na ukungu. Ya nne nilimkataza kuichungulia kabla kaka hajafika.

Siku ya siku tukasimama wote nyuma ya nyumba. Kaka alinyoosha mkono kubandua, mama akampiga kofi dogo kidoleni, akaibandua mwenyewe. Akaigeuza, akaipapasa kwa ndani kwa kiganja chote. Kavu. Kaka naye akaipapasa. Akaishika ielekee jua, akatafuta tone kwa dakika nzima. Hakupata.

"Mimi sijui mambo ya nailoni," mama akasema.

Akashika chuma cha tatu, tulichomwekea huku nje pembeni ya ukuta, akalikunja lile goti taratibu, huku sote tumenyoosha mikono kumdaka na hakuna aliyethubutu kumgusa. Akaisogelea plasta tupu, akatoa ulimi, akaigusa. Akatema kando. Akafikiri kwa muda mrefu, macho kayafumba, kama nilivyomwona mume wangu akifanya miaka ile kwa mwalimu.

"Haina chumvi," akasema. "Haina na sabuni." Akampa mume wangu mkono amwinue, na mume wangu, mkwe wa kulelewa na bibi, akaupokea. "Sasa paka."

Mume wangu akafungua kopo.